Mabondo ya Kupanda Ndege

Avit alimwona yule mama kabla mama hajamwona yeye, na katika kazi yake, hiyo ni nusu ya mshahara. Mama alikuwa kwenye geti la uwanja wa ndege wa Bukoba, ameshika kiroba, anamuuliza mlinzi namna ya kutuma mabondo Dar es Salaam. Bondo, kwa asiyelijua, ni kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara. Wachina hulinunua kwa bei inayomfanya mvuvi aanze kusali asubuhi na jioni. Mlinzi alimjibu kwamba mzigo hausafiri kwenye kiroba, aende kwanza akauandae. Kisha akamgeuzia mgongo.

Avit akavaa kizibao chake cha kung'aa, akasogea. Alikuwa Mhaya, mtoto wa migombani, wa Nshamba, shati jeupe, suruali imenyooshwa ikanyooka. Ofisi hakuwa nayo. Hata pikipiki aliyokuja nayo ilikuwa ya shemeji yake Rugemalira, mume wa dada yake Georgina, na jina la mwenyewe lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye madigadi pamoja na namba ya simu. Aliazimwa kwa sharti kwamba isiporudi nzima, asikanyage tena nyumbani kwa dada yake. Na kwa dada yake ndiko alikokuwa akilala na kula.

"Shikamoo, mama. Kago, siyo?"

"Marahaba, baba. Naitwa Minza, natoka visiwani huko Muleba. Wewe ndiye wa ndege?"

"Mimi ndiye ninayepakia," alisema Avit, na huo ndio uongo pekee wa maana aliousema asubuhi ile. Mengine yalikuwa kweli tupu, maana aliwahi kubeba mizigo uwanjani pale kabla hawajamfukuza kwa sababu ambazo si heshima kuzitaja.

Akamweleza. Mzigo uwe mkavu, usidondoshe hata tone. Ndani nailoni nzito, nje katoni ngumu, jina na simu ya mpokeaji vionekane. Kibali cha samaki kiwepo. Usichanganywe na betri, kibiriti wala manukato.

"Yesu wangu! Kumbe ndege ina masharti kuliko mkwe."

"Na katoni ikishapigwa selotepu, mama, haifunguliwi. Selotepu ikikatwa njiani, mzigo unahesabika umeibwa. Hiyo ni aviation, sheria ya ndege, haina kujuana."

"Haifunguliwi," alirudia Minza kwa utiifu.

Wakaenda kwenye nyumba ya wageni alikofikia. Minza akaingia chumbani kufungasha. Avit akabaki uani, upande ambao upepo haukuleta harufu. Muda si mrefu mama akatoka anaburuta katoni, akaifunua. Mabondo yalilaliana pale juu, makavu, ya manjano, mazuri mno. Avit akameza mate.

"Tia mkono, baba. Kagua mpaka chini."

Avit akatazama mkono wa shati lake. Mvuvi angetia mkono hadi begani, kisha angenusa vidole na kukwambia samaki huyo alivuliwa wapi. Lakini waungwana wa migombani hawanuki ziwa, hasa wakiwa wametoka kupiga pasi.

"Nimeshaona, mama. Tufunge."

Akafunga mwenyewe, selotepu juu ya selotepu, kwa moyo wote.

"Sasa, baba," alisema Minza, "kwetu kisiwani anayeondoka na bondo la mtu anaacha kitu."

Avit akatoa kitambulisho.

"Vya hivyo ninavyo viwili vya wenzako."

Mtu mwenye akili timamu angeaga hapo hapo. Avit akatoa simu.

"Simu kaa nayo, nitakupigiaje?" Macho ya mama yakatua kwenye pikipiki.

Avit akamwona Georgina akilini, amesimama mlangoni kumzuia asiingie. Kisha akaitazama katoni, akapiga hesabu: humo mna pikipiki mpya ya shemeji, na yake mwenyewe, na chenji ya kuingia nayo Nshamba Krismasi watu wakasimama barabarani. Akatoa ufunguo.

"Narudi na risiti sasa hivi, mama."

"Nenda na Mungu, baba."

Akakodi bajaji hadi kwa Joackim, mnunuzi wa mabondo asiyeuliza maswali. Joackim alikuwa ameenda kula, na alikula bila haraka. Aliporudi, akakata selotepu, akatoa safu ya kwanza ya mabondo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaingiza mkono tena. Ukatoka na ganda la ndizi.

Chini ya safu ile moja katoni nzima ilikuwa maganda ya ndizi, yamekaushwa juani vizuri, yamefungwa ndani ya nailoni nzito. Kusema haki, mzigo ulitimiza masharti: ulikuwa mkavu, haukudondosha, na haukuwa na betri.

"Avit," alisema Joackim akijifuta machozi ya kicheko, "umenigeuza mbuzi?"

Avit alikuwa ameshafika mlangoni akikimbia, simu ikaita. Shemeji.

"Avit, nina mgeni hapa nyumbani. Mama Minza. Kasoma jina langu kwenye madigadi, kanitafuta mpaka kanipata, mtu mwungwana sana. Anasema umetoweka na mabondo yake ya msimu mzima. Waitu, nimeona aibu! Nimemkabidhi pikipiki na kadi yake, iwe fidia. Dada yako kamwongezea mkungu wa ndizi."

"Shemeji, huyo mama ni mwizi!"

"Mabondo yako wapi?"

"Hakuna mabondo! Ni maganda! Maganda ya ndizi, shemeji, haki ya Mungu!"

Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kusema kweli bila kuitia chumvi, na kwa kukosa mazoezi sauti ilimtetemeka. Upande wa pili akasikia vijiko, na Georgina akiuliza anasemaje.

"Anasema mama wa kisiwani, asiye na mgomba hata mmoja," shemeji alimjibu mkewe, "kasafiri mpaka Bukoba kumletea Mhaya maganda ya ndizi."

Georgina hakucheka. Avit akamsikia vizuri kabisa:

"Basi chakula chake mpe mgeni."