Daraja Nililolijenga kwa Kidole

Jumatatu, 4 Machi

Bosi ametuita chumba cha kuchorea, mimi na Kipara, wachora ramani wawili tuliobaki. Akasema kampuni ya magari ya wagonjwa inafikiria kuacha kununua ramani zetu. Kisa? Ile ramani ya bure ya kwenye mtandao. Inachorwa na watu wa kujitolea, kila mtu na simu yake, bila ofisi, bila bosi, bila mshahara. Wazimu! Halafu akasema kazi ikipungua hatakuwa na haja ya wachoraji wawili. Alisema hivyo akitazama dirishani. Kipara akanitazama mimi.

Nitamwaga unga. Najua. Nyumbani sikusema kitu, hasa kwa kuwa mama mkwe amekuja kututembelea na hajasema ataondoka lini. Mwalimu mkuu mstaafu. Akinisemesha huwa nasimama wima. Ameuliza kazi inaendaje, nikajibu shikamoo. Ilikuwa shikamoo ya tatu leo.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Ramani ya bure, kila mtu anaruhusiwa kuirekebisha. Kila mtu! Basi hata mimi. Sisi wachora ramani tuna desturi yetu ya zamani: katika kila ramani tunaficha kijia kimoja cha uongo, ili mwizi akinakili tumkamate nacho. Mimi nimewawekea daraja zima. Linavuka bonde kutoka machimbo ya kokoto hadi barabara ya hospitali. Bondeni penyewe hakuna daraja, kuna matope na vyura. Mteja akipotezwa mara moja tu, atarudi kwetu mbio.

Nimejiita Mzalendo. Kompyuta ikataka nieleze nilichobadilisha. Nikaandika: nimeboresha. Daraja limetoka zuri, limenyooka.

Hata chai sijamaliza, ujumbe! Unatoka kwa mtu anayejiita Kipepeo. Ananishukuru kwa mchango wangu, kisha anauliza kama daraja hilo nimeliona kwa macho yangu. Nikajibu ni jipya, hata rangi haijakauka.

Jumatano, 6 Machi

Kipepeo anaomba picha. Kwa adabu! Ananiita ndugu. Watu wenye adabu ndio wa kuogopwa, maana mkali unamwona anakuja. Nikatoroka kazini mchana, nikapiga picha daraja la stesheni, nikainamisha simu ili reli isionekane. Nikatuma. Jibu likaja kabla sijarudisha simu mfukoni: ndugu, hilo ni la stesheni, hapo pembeni pana kibao cha fundi viatu. Kisha akanifungia akaunti huku akinitakia siku njema.

Sasa mlango ukigongwa naruka. Jioni niliruka mpaka nikamwaga mchuzi, kumbe ni jirani anaazima ngazi. Je, wanajua jina langu la kweli? Wanaweza kunishtaki? Sijui, na siwezi kumuuliza mtu. Kipara amepewa kata ya machimbo aitembee kwa miguu, achore upya, lakini viatu vyake havina hata vumbi. Wengine Mungu amewapa utulivu.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Bosi amekuja anacheka. Kesho kampuni ya magari ya wagonjwa inafanya majaribio. Magari mawili, moja litaongozwa na ramani yetu, jingine na ya bure, kutoka machimboni hadi hospitali, mwendo wa kufa na kupona. Itakayoshinda ndiyo watakayotumia. Kipara akapiga makofi. Nikapiga na mimi, halafu mikono ikaganda hewani. Daraja langu! Gari litaingia bondeni! Na dereva wa gari la ramani ya bure ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Kitinda mimba wa mama mkwe.

Nikampigia shemeji. Nikamsihi abadilishane na mwenzake, achukue gari lenye ramani yetu, kwa heshima ya ukoo. Akacheka, akasema sawa, kwani kuna nini? Nikamwambia hakuna kitu. Lakini yule dereva mwingine naye ni mtoto wa mtu. Na mimi nimefungiwa, siwezi kulifuta! Nilipofika nyumbani nikajifungia chooni, nikamwandikia Kipepeo, maana ujumbe bado unaruhusiwa. Nikamwomba alifute daraja, nilikosea, watu watakufa, nina familia, nina presha.

Sebuleni simu ya mama mkwe ikalia.

Nikamsikia anamsomea mke wangu ujumbe wangu, neno kwa neno, kwa sauti ya darasani. Akasema huyu ndiye yule muongo wa daraja. Akasema daraja lenyewe alishalifuta jana, ila hatamwambia upesi, acha kwanza aonje. Akasema anamhurumia mke wa mtu huyo. Mke wangu akasema kweli mama, maskini.

Kipepeo yuko nyumbani kwangu! Anakula mezani kwangu! Nilibaki mle ndani mpaka mke wangu akaniuliza kama ninahitaji dawa. Nikatoka, nikamwamkia mama. Lakini daraja limefutwa. Nitalala.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi alituweka mbele ya skrini kubwa, vidoti viwili vinatembea. Cha ramani ya bure kikazunguka njia ya juu, salama. Cha kwetu kikakata kushoto, kikaelekea bondeni. Nikaitazama vizuri ramani yetu. Daraja! Daraja langu, limenyooka vilevile, ndani ya ramani yetu! Kipara hakutembea popote. Alinakili ramani ya bure akiwa kantini, kabla Kipepeo hajalifuta.

Nikapiga kelele wamsimamishe shemeji. Kidoti kikasimama chenyewe. Kikabaki hapo. Simu ya shemeji ikaita, ikaita, haikupokewa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilimwambia Mungu achukue kazi, achukue ramani zote, amrudishe tu yule kijana. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mimi nilikuwa nimemwingiza mtoto wa watu, tena kwa kumbembeleza.

Mwishowe akapiga. Magurudumu ya mbele yamezama topeni, usoni ana nundu, mwenyewe mzima. Nikalia mbele ya bosi. Alidhani naililia kampuni, akanipigapiga begani. Kisha akauliza daraja lile limetoka wapi. Kipara akanyamaza, maana akisema alinakili, ameumia. Na mimi nikanyamaza, maana nikisema alinakili, nitaulizwa nimejuaje. Tukanyamaza pamoja kama pacha.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji amekuja na plasta kwenye paji la uso. Mama mkwe akamkagua kama anayesahihisha daftari, akauliza aliongozwa na ramani ya nani. Shemeji akasema ya kina shemeji, tena mimi mwenyewe ndiye niliyemsihi aichukue. Mama mkwe akanigeukia. Nikasema shikamoo.

Jumatatu, 11 Machi

Habari njema! Bosi amesalimu amri. Hatuuzi tena ramani. Tutatumia ya bure kama wengine, na tutauza ujuzi wa kuitumia: gari lipi lipite wapi, ghala lijengwe wapi. Anahitaji mtu mmoja tu, na atamchukua yule mwenye mchango mkubwa zaidi kwenye ramani hiyo. Kipara ameondoka mbio kwenda kutembea mitaa, amevaa buti mpya. Mjinga! Atachoka bure.

Mimi nimefungua jina jingine, Mkweli. Safari hii nimetumia akili. Si daraja, si barabara, hakuna wa kudumbukia. Nimeweka zahanati tu, ndogo, nyuma ya soko la nguo, na nimeandika kwamba wahudumu wake ni wapole. Nani ataumizwa na zahanati?

Mama mkwe ameomba viatu vyake. Anasema simu inamwonyesha zahanati mpya nyuma ya soko la nguo, anataka kuiona kwa macho yake, na nundu ya shemeji ikaangaliwe hapohapo. Amesema mimi ndiye nitakayewaongoza njia.