Maganda Kumi na Mawili kwenye Trei ya Mayai

Jumatano, 2 Oktoba
Nyumbani Kihispania, shuleni Kiingereza, na kote kuwili nanyamaza. Ndiyo maana naandika.

Kila Oktoba Babu Eliseo humchukua mjukuu mmoja tu kwenda mlimani kuwinda elki, yule kulungu mkubwa. Mwaka huu ni mimi au binamu yangu Amadeo. Sharti ni lile lile: kila mmoja ajaze baruti kwenye risasi zake ishirini kwa mkono, kumi na mbili azipige uwanjani, maganda matupu ayapange kwenye trei ya mayai. Ijumaa Babu anayasoma kwa lenzi. Nane zinazobaki zinakwenda mlimani na mshindi.

Amadeo ana kipima mwendo wa risasi. Leo amemwambia Bibi Ramona risasi zake zinakimbia kuliko za mtu yeyote bondeni. Bibi hajui risasi wala mwendo, lakini alimwongezea bakuli la pili la posole, supu ya mahindi na nyama. Mimi nilipata moja!

Mpango: zangu zikimbie zaidi. Daftari la Babu lina mstari mwekundu, baruti isivuke hapo. Babu alikuwa amesinzia kwenye kiti. Nikavuka, kwa zote ishirini. Kidogo tu, kama unyoya.

Alhamisi, 3 Oktoba
Ushindi! Kipima mwendo cha Amadeo mwenyewe kimesema zangu zina kasi kuliko zake. Alikipiga kofi, akakigeuza juu chini, akadai betri imekwisha. Akaniuliza nimefanyaje. Nikaangalia viatu vyangu, ndiyo staili yangu ya kujibu.

Jambo dogo. Baada ya kila risasi komeo la bunduki, lile la kutolea ganda, liligoma kuinuka. Kawaida nalinyanyua kwa kidole. Leo nimelipiga kwa kiganja. Ni bunduki imesikia nguvu, nadhani.

Jambo dogo la pili. Kile kiwashio kitakoni mwa ganda huwa na kingo za mviringo. Vyangu vimelala bapa kama vilivyopigwa pasi. Pembeni kuna alama inayong'aa, chuma kimejibana kwenye chuma. Nimeona inapendeza. Kisha nikakumbuka somo la Babu la kila mwaka: kiwashio bapa, alama ya kung'aa, komeo gumu, ukiona hata kimoja acha kupiga, shinikizo limezidi.

Nilikuwa navyo vyote vitatu. Mara kumi na mbili.

Ijumaa, 4 Oktoba
Asubuhi nimejaribu kung'arisha maganda kwa dawa ya meno. Yamenukia vizuri. Bapa limebaki bapa.

Trei zetu mbili zilikuwa rafuni, kila moja na jina kwenye kifuniko. Sikugusa ganda hata moja. Nilibadilisha vifuniko tu. Sijui kama hilo linahesabika kuwa dhambi au mpangilio.

Baada ya chakula Babu ameweka lenzi kwenye jicho la kulia. La kushoto, husema mwenyewe, lilikwenda kuwinda mwaka 1979 na halijarudi. Rafiki alimpa risasi zilizoshindiliwa baruti, kiwashio kikapasuka, moshi wa moto ukarudi nyuma usoni. Huisimulia akicheka. Bibi huwa hacheki.

Amesoma trei yenye jina langu. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema, “Delfina, mama, haya ni maganda ya mtu mwenye subira.” Nilitabasamu kama mtakatifu wa kanisani.

Akafungua ya pili. Akanusa. Kisha: “Amadeo! Njoo hapa, bwana mkubwa! Unataka niende kaburini natafuta mlango kwa kupapasa?” Amadeo akaapa kwamba hayo si yake. Babu akasema basi labda ni ya paka, na paka huyo anapiga mswaki. Saa nzima ya mahubiri! Halafu akamkalisha na nyundo ya plastiki ya kufumulia risasi, azibomoe zake nane zilizobaki moja moja, kichwa huku, baruti kule. Nane nzuri kabisa. Machozi yalimlenga.

Nimeshinda. Nilipata bakuli la pili. Sikulimaliza.

Jumamosi, 5 Oktoba
Balaa!

Babu amekuja na bunduki yake kuukuu, ile iliyomzidi Mama umri. Ametangaza kwamba miaka yote hubeba risasi zake mwenyewe, lakini safari hii atapiga nane za mjukuu wake. Heshima, anasema. Tunaondoka kesho kutwa. Ameshazitia mfukoni mwa koti, anazichezesha kama karanga.

Nimejaribu kuziiba. Koti amelivaa. Nimemwambia jua kali, avue. Akasema ana baridi. Nimemwomba nilifue. Bibi akaniuliza tangu lini.

Babu ana jicho moja tu zima. Nimelihesabu leo mara nyingi.

Jumapili, 6 Oktoba
Kusema siwezi, kwa hiyo nimeandika. Karatasi moja, sentensi nne, chini ya sahani ya Babu. Mpango ulikuwa asome peke yake, kimya, kisha anisamehe.

Sikufikiria miwani. Aliiacha kanisani. Akampa karatasi Bibi, na Bibi, mwenye sauti ya kuongoza rozari, akaisoma mbele ya shangazi wawili, Mama na Amadeo. “Yale maganda bapa ni yangu. Nilivuka mstari mwekundu. Nilibadilisha vifuniko. Tafadhali Babu toa mkono mfukoni.”

Babu akatoa mkono mfukoni. Akaziweka mezani moja moja, polepole, kati ya chumvi na pilipili. Hakunipigia kelele, na hilo lilinichoma zaidi. Alivua kofia, akamgeukia Amadeo, akamwomba radhi. Nilikuwa sijawahi kuona utosi wa Babu mchana.

Kisha kwangu: “Maandishi yako yana ujasiri kuliko mdomo wako. Leta nyundo.” Nimezibomoa zote nane. Amadeo alisimama nyuma yangu akihesabu kwa sauti, kwa Kihispania, kisha tena kwa Kiingereza, eti nisije nikakosa kuelewa.

Anakwenda yeye. Safari imesogezwa siku moja ajaze nyingine.

Alhamisi, 10 Oktoba
Wanarudi leo mchana. Mama wa Amadeo amepigiwa simu: elki dume, risasi moja. Nitayasikia hayo mpaka niolewe.

Lakini nimebadilika. Nimeyaandika masomo ya Babu mara hamsini, nayajua kama jina langu. Sasa nina njia ya kurudisha heshima: maharagwe! Ya kuwalaki. Wakionja, nani atamkumbuka Amadeo?

Bonde letu liko juu sana, maharagwe hayaivi bila sufuria ya shinikizo ya Bibi. Ndani ina mstari, usijaze kupita hapo. Ila wageni ni wengi, kwa hiyo nimepita kidogo. Kama unyoya.

Bibi ameuliza kutoka uani kwa nini inapiga mluzi hivyo. Nimemjibu ina nguvu tu. Imeanza kutembea yenyewe juu ya jiko, inapendeza. Kifuniko nacho kinagoma kufunguka. Nimekipiga kwa kiganja mara moja. Nitakipiga tena nikimaliza sentensi hii.