Visu Vimekwenda Livu

Maneno ya Bwana Ildefons Mushumbusi, Karani wa Pili wa Gombolola na Kaimu Mwangalizi wa Visu vya Mfukoni, siku ya kufungua Stoo ya Visu vya Wasafiri, bandari ya Kemondo, mwaka 1951. Yameandikwa yote kama yalivyomtoka, isipokuwa kikohozi.

Mtukufu Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ambaye leo anawakilishwa na kiti chake. Ewe kiti chenyewe, pamoja na mto wako. Watukufu wazee wa gombolola mliowahi, na ninyi mliochelewa lakini mna vyeo. Bwana Burhani, mpima mizani wa ghala la kahawa. Mwalimu wa kwaya ya Walutheri na mwalimu wa kwaya ya Wakatoliki, ambao nimewaketisha mbali kwa faida ya masikio yetu. Akina mama wa Nshamba na vikapu vyenu, akina baba wa Ngenge na vumbi lenu la miguuni, ninyi mnaosafiri leo na ninyi mliokuja kumpokea msafiri: waitu, nawasalimu kwa niaba ya Serikali, kwa niaba ya Gombolola, yaani tarafa yetu hii, na kwa niaba yangu mimi mwenyewe, ambaye kofia hii nimeivaa kwa kibali cha maandishi. (Makofi. Kiti kimenyamaza.)

Kabla sijaanza kuanza, ningependa kutamka kwamba nyuma ya utepe huu mwekundu, na nyuma ya turubai hili lililofungwa kwa utepe huo huo, ipo kazi ambayo Afrika Mashariki nzima haijapata kuiona. (Sauti kutoka nyuma: "Hata sisi!") Asante kwa kuniunga mkono.

Ndugu zangu, kila skimu ina mzizi wake, na mzizi wa skimu hii ni jogoo. Mtakumbuka kwamba mwezi wa pili mwaka huu, msafiri mmoja wa Nshamba, jina lake Mutembei, ambaye sitamtaja, (Mutembei: "Nipo hapa, Bwana Karani!") keti, Mutembei, sijakutaja, msafiri huyo akiwa melini kwenda Mwanza kupumzika kwa shemeji zake, alitoa kisu cha kukunja mfukoni ili akate muwa, akakata muwa pamoja na kamba ya miguu ya jogoo aliyekuwa zawadi ya shemeji, na jogoo huyo, mwenye nauli ya daraja la tatu, akapanda daraja la kwanza, akaingia chumba cha nahodha, akatua juu ya ramani ya ziwa, na pale palipoandikwa Kemondo akaacha alama ambayo nahodha aliidhania kisiwa. (Kicheko kirefu. Mutembei anamficha jogoo mwingine chini ya kanzu.)

Mnacheka, lakini Idara haikucheka. Mimi, bila kuombwa na mtu yeyote, niliketi nikaandika memoranda ya kurasa kumi na moja, mbele na nyuma, nikiagiza kwamba kuanzia Pasaka kila raia anayepanda meli kwenda livu, yaani mapumziko ya kazi, kuoa, kuzika au kutembea tu, akabidhi kisu chake cha mfukoni hapa gatini, apewe kibati chenye namba, na akirudi akitoe kibati apewe kisu. Visu arobaini na viwili vilikabidhiwa. Arobaini na viwili, ndugu zangu! Ukivipanga kwa urefu vinatoka hapa mpaka kwa yule mama wa senene.

(Mzee Bartholomayo Rugaibula wa Nshamba anasimama, ameinua kibati namba saba. "Waitu, Bwana Karani, nilirudi wiki ya pili baada ya Pasaka. Kisu changu kiko wapi?")

Mzee wangu, maswali yana saa yake katika programu.

("Saa yangu ni hiyo meli! Kile kisu ni cha mwanangu Karugendo. Alitoka nacho vita vya Bama, akaniachia, akasema, Tata, nitunzie, nikirudi livu kutoka karakana ya reli Kisumu nitakidai kabla sijakusalimu. Leo ndiyo anashuka. Nimwambie nini? Nimpe kibati?" Umati: "Eee! Mjibu mzee!" Meli inaonekana, moshi wake mdogo kama wa kiko.)

Mwambie kipo katika himaya ya Serikali. Mtoto aliyekwenda Bama ataelewa neno himaya. Keti, mzee, usinikate hotuba. Na kwa bahati njema hakuna mtu hapa mwenye cha kukatia. (Bwana Mushumbusi anacheka peke yake.)

Sasa nakuja kwenye upande wa sayansi. Wapo watu wa maneno maneno wanaouliza, je, Bwana Mushumbusi ana ushahidi gani kwamba kusafiri livu na kisu mfukoni ni hatari? Nawajibu. Kwanza tulikataza, halafu ndipo tukachunguza, ili uchunguzi usije ukatupinga. Na nani alijitoa mhanga? Ni mimi! Mwezi wa tano nilichukua livu yangu ya siku kumi na nne, nikavaa kaptura mpya, nikapanda meli hii hii na kisu cha mfukoni, kwa hiari yangu, kwa ajili yenu, nikakaa nacho kutwa kucha kati ya abiria wasiojua hatari iliyowakalia karibu. Siku ya kwanza nilimenyea machungwa manne. Siku ya pili nilifungulia kopo la sadini, nikachongea kalamu ya risasi, nikamsaidia bibi mmoja, Benigna, kukata uzi uliomzidi kwenye sketi, naye akanishukuru kwa maneno ambayo yamo katika ripoti yangu ukurasa wa sita. Mwanza nilichongea mrija wa tete nikanywea pombe ya watu. Siku ya kumi nilikata kucha zote, za mikono na za miguu, na ndipo nikajikata kidole hiki. Mnakiona? (Anainua kidole. Hakuna anayekiona.) Abiria mmoja mwenye kisu, kidole kimoja kimekatwa: hiyo ni pasenti mia moja ya ajali! Nani atasimama apinge hesabu?

("Mimi," anasema Mzee Rugaibula. "Kisu hicho cha uchunguzi kilikuwa na mpini wa pembe?")

Kilikuwa na mpini wa pembe wa aina ya kiserikali.

("Chenye ufa uliozibwa kwa nta ya nyuki?")

Nta haihusiani na skimu. Naendelea! (Umati: "Uuuuu!")

Naendelea kwenye stoo. Stoo hii, kwa mujibu wa plani, ina rafu mia tatu, madirisha manne ya kutazamia ziwa, dawati la kuandikishia visu vya wanaume, dawati jingine la visu vya wanawake, na mlango unaofungukia ndani kwa wanaoingia na kufungukia nje kwa wanaotoka. Na wakati plani ikikomaa, visu vyenu havikulala nje, la hasha. Nilivitia mimi mwenyewe, kwa mikono hii, katika gunia safi la kahawa, nikalishona kwa sindano ya magunia ili mwizi asilitambue, nikalilaza kati ya magunia mengine ya kahawa pale ghalani, na hapo, ndugu zangu, nawaulizeni, mwizi gani angelijua?

(Bwana Burhani anasimama polepole. "Bwana Karani. Gunia gani?")

Lile la kona.

("Lile lililokuwa likigongagonga?")

Hilo hilo.

("Mimi nilidhani kahawa imekauka vizuri! Nililipima, likazidi uzito, nikalipa alama ya daraja la kwanza. Lilipanda meli Jumanne ya juzi. Sasa liko njiani kwenda Mombasa, na Mombasa linakwenda Ulaya!" Bandari nzima inapasuka. Mama mmoja anaketi chini kwa kucheka. Mutembei: "Wazungu watatafuna!")

Utulivu! Utulivu! Ndugu zangu, kiongozi mdogo angeiita habari hii hasara. Mimi naiita maendeleo. Ni lini kisu cha Nshamba kilipata kuvuka bahari? Ni lini kisu cha Ngenge, ambacho mwenyewe hajafika hata Bukoba mjini, kilipata kusafiri na daraja la kwanza? Visu vyenu vimefanya kazi miaka mingi, vimekata mirija, vimekata miwa, havikupumzika hata Jumapili. Visu vimekwenda livu! (Wachache wanapiga makofi, kisha wanajikumbuka.)

Na sasa, kwa kuwa meli inafunga kamba, nakata utepe. Naomba mkasi. (Hakuna mkasi.) Naomba kisu. (Umati wote unainua vibati.) Basi nitaukata kwa mikono. (Anauvuta. Utepe ni wa hariri. Anauuma kwa meno, kofia inaanguka. Abiria wanashuka, wanasimama kutazama. Umati: "Kisu! Kisu! Kisu!") Msinisukume! Ofisa wa Serikali hasukumwi! (Anatazama kiti cha Bwana Shauri. Anatazama turubai. Mkono wake unaingia mfukoni taratibu, unatoka na kisu cha kukunja, mpini wa pembe, ufa umezibwa kwa nta.)

(Sauti nene kutoka ngazi ya meli: "Tata! Mbona kisu changu kiko kwa huyo bwana mwenye nyuzi mdomoni?" Ni Karugendo, begi begani. Mzee Rugaibula anakwenda mbele, anamwekea Bwana Mushumbusi kibati namba saba kiganjani, anachukua kisu, anakifungua kwa ukucha, anakata utepe mara moja. Turubai linaanguka. Nyuma yake ipo migomba. Kati ya migomba, Mama Verdiana mwenye kibanja, anachambua maharage. "Mnataka nini kwangu?")

Hoyee! Kama mlivyojionea, kisu kimekabidhiwa, kibati kimepokelewa, na kwa kuwa kisu kimoja tu ndicho kilichobaki nchini na kisu hicho kimemrudia mwenyewe, basi skimu imefaulu kwa pasenti mia! Semeni nami: Kisu mfukoni, hatari! (Umati: "Mfukoni mwa nani?") Msafiri mikono mitupu! ("Karani mfuko mzito!") Kemondo mbele! ("Visu mbele zaidi!")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi mwashi aliyejenga stoo hii, ambaye hajaitwa. Namshukuru seremala wa rafu mia tatu, ambaye hajazaliwa. Namshukuru Mama Verdiana kwa kutupa uwanja huu, jambo ambalo namwarifu sasa hivi. Nakishukuru kiti, ambacho peke yake hakikuuliza maswali. Nampongeza Mutembei, ambaye amekwishaokota kipande cha utepe na kumfungia jogoo wake miguu. Zaidi ya wote nakushukuru wewe, mzee wangu Rugaibula, na mwanao aliyerudi salama akakukuta na amana yake mkononi kabla ya salamu, kama mlivyoahidiana. Na kwa kuwa wewe leo una furaha, na mtu mwenye furaha ni mkarimu, nakuomba mbele ya hadhara hii tukufu jambo moja dogo tu.

Uniazime tena. Jumatatu naanza livu.

(Mzee anamtazama mwanawe. Mwana anamtazama baba. Kisu kinakunjwa: ka. Kinaingia mfukoni mwa Karugendo.)