Mistari ya Njano ya Chilangala

Jumatatu, 14 Julai. Mkomaindo

Habari kubwa! Bwana Chrispin, msaka vipaji wa timu moja ya daraja la kwanza, Jumamosi atakuwa Chilangala kumsalimia mama mkwe wake. Kijiji kimetualika sisi, Nyota ya Mkomaindo, tukacheze na vijana wao ili mgeni apate burudani. Anatafuta kiungo. Mmoja tu.

Kocha Selestini alitutangazia hayo huku akimtazama Ashraf, kiungo mwenzangu. Nikasogea, nikasimama mbele ya Ashraf. Kocha akapinda shingo, akaendelea kumtazama Ashraf.

Simwelewi kocha. Ashraf ana mapafu, basi. Mimi nina maono. Pasi naiona kabla haijazaliwa, ila miguu huchelewa kupata taarifa. Leo mazoezini nilisimama katikati ya uwanja nikaona majani mabichi mpaka upeo wa macho, taa, watu wamesimama wanaliita jina langu polepole kama wanaomba mvua. Silvano. Silvano. Mpira ukanipita, tukafungwa. Kocha akauliza kama nimelala. Nikamjibu nausoma mchezo.

Jumanne, 15 Julai

Mjomba Yohana kapiga simu kutoka Chilangala. Ndiye aliyenilea, kaka yake mama. Kasikia habari za mgeni. Akasema Bwana Chrispin akinichukua, atanisindikiza mwenyewe hadi stendi na begi atalibeba yeye. Asiponichukua, nibaki hukohuko Chilangala. Nina miaka ishirini na mbili, na mikorosho inahitaji mtu mwenye magoti, yake yamekwisha.

Hakufoka. Hicho ndicho kilichonitisha.

Kwa hiyo ni Jumamosi, au mikorosho maisha yangu yote.

Jumatano, 16 Julai

Hila ya kwanza. Safi kabisa!

Nilimwambia kocha kwamba Ashraf ameonekana hospitalini, na kwamba kulikuwa na kuchechemea. Si uongo. Ashraf alimpeleka bibi yake. Bibi ndiye aliyekuwa akichechemea. Sikuona sababu ya kumchosha kocha kwa habari za bibi.

Kocha akaamua Ashraf akae benchi kipindi cha kwanza, apumzishe goti. Ashraf akaruka juu mara kadhaa kuonyesha kwamba ni mzima. Kocha akasema majeruhi wote huruka hivyohivyo.

Baadaye Ashraf akaniambia, mbele ya watu, kwamba mimi nikikimbia hata kivuli changu hunipita. Wakacheka mpaka kipa akakaa chini. Nimelitafakari neno hilo jioni nzima. Ni wivu.

Alhamisi, 17 Julai. Njiani

Nimejitolea kutangulia Chilangala kuandaa uwanja. Kocha hakuamini masikio yake. Akaniuliza mara mbili kama ni mimi.

Newala gari lilisimama kidogo, nami nikaenda ukingoni kuangalia bonde la Ruvuma. Ukungu ulikuwa umelala chini kule, mweupe, tambarare, hauna kipande kilichochanika. Uwanja usio na vumbi! Nikapiga pasi moja ndefu kwa macho tu, ikavuka bonde zima, ikatua kifuani pa mtu nisiyemjua upande wa pili. Naye akaniinulia mkono.

Niliporudi stendi gari lilikuwa limeondoka, na chakula changu kimo ndani.

Ijumaa, 18 Julai. Chilangala

Hila ya pili, na hii ndiyo kubwa. Uwanja wa hapa hauna mistari. Anayeuchora ndiye anayeutawala! Nimeufanya mwembamba, mfupi pia, na duara la katikati nimelitanua liwe kama ua wa mtu mwenye uwezo. Kwa nini nikimbilie mpira mbali? Mpira uje nilipo, Bwana Chrispin anione.

Tatizo likawa chokaa. Kijiji kizima hakuna. Majivu ya jikoni yaliishia kwenye kona ya kwanza. Ndipo nikakumbuka ghala la mjomba, ambaye alikuwa kikaoni Newala mpaka keshokutwa. Nikakuta mfuko wa salfa, ile ya kupulizia mikorosho inapotoa maua, isipate ugonjwa wa ubwiriunga. Unga laini, wa njano. Juu ya udongo wetu mwekundu uling'aa kama dhahabu.

Nikiri kwamba salfa naijua kwa mbali tu. Kila msimu wa kupuliza huwa naumwa tumbo. Huanza alfajiri, wanapotoka na mabomba ya kupulizia, na huacha umande ukikauka. Maradhi ya ajabu.

Bi Mwanaisha, jirani, alipita na ndoo yake ya maji kichwani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akasimama, akatazama, akauliza uwanja nao umeingiwa na ubwiri? Nikamwambia asubiri kesho. Akaenda zake huku kicheko kikiyamwaga maji.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika kwa jicho moja.

Tulianza vizuri. Bwana Chrispin kwenye kiti, mama mkwe pembeni yake, kijiji kizima kimezunguka. Kisha upepo wa mchana ukaja. Nikateleza kuuwahi mpira, nikanyanyua wingu la njano. Mwingine akateleza, wingu la pili. Na kwa kuwa uwanja ulikuwa mwembamba, hapakuwa na pa kukimbilia! Wachezaji wote walibaki mlemle ndani ya unga, wanalia. Nahodha wa Chilangala alimshika mkono refa, akamwongoza hatua kadhaa akidhani ni beki wake. Refa alikohoa ndani ya filimbi, tukasimama tukidhani ni penalti. Mimi nilipiga pasi ya maono kabisa, ikampata mama mkwe.

Mapumziko tukatafuta maji ya kunawa macho. Maji, huku kwetu, Julai! Ilipatikana ndoo moja ya Bi Mwanaisha, naye alitugawia kwa kikombe cha chai, akinawisha jicho moja kwa kila mtu. Akasema la pili tusubiri masika.

Kipindi cha pili Ashraf akaingia. Macho makavu, meupe, amepumzika, jezi kaivuta mpaka puani. Katikati ya vipofu! Alitupita kama mtu anayepita sebuleni kwao. Alifunga, akatengeneza bao, akafunga tena. Kocha akawa anampigia kelele kila aliye karibu kwamba kumpumzisha lile goti ni uamuzi bora wa maisha yake. Akanishukuru mimi! Akanikumbatia!

Mwishowe Bwana Chrispin alimwita Ashraf, wakazungumza, wakapeana mikono. Majaribio, wiki ijayo.

Kisha akaja kwangu. Akauliza kama ni mimi niliyeuchora uwanja. Nikasema ndiyo, shikamoo. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kumwona kiungo aliyezikaba timu zote mbili.

Bado natafuta sifa iliyojificha ndani ya maneno hayo.

Jumapili, 20 Julai

Mjomba amerudi. Akautazama mfuko mtupu. Akaenda kwenye mikorosho, akashika shada la maua kwa vidole viwili, nikaona ule unga mweupe wa ugonjwa umeshaanza kwenye vikonyo. Alichukua begi langu lililokuwa barazani, akaliingiza ndani.

Ashraf alikuja kuaga. Akaniambia habari za kuchechemea zimemfikia bibi yake, na bibi kacheka mpaka goti likamwuma kweli. Akasema akifika huko atanitaja. Nikageuka nitazame kitu kingine. Nikamwambia ni salfa, bado inawasha macho.

Jumatatu, 21 Julai

Alfajiri, bomba mgongoni, khanga usoni. Tumbo haliumi. Salfa mjomba kaiazima kwa jirani.

Tulipomaliza safu za kwanza mjomba alisimama, akaniita mpwa wangu, na mbele ya Bi Mwanaisha akasema kuanzia hapa mpaka kwenye kichuguu kile ni yangu. Mikorosho yote. Akasema hana mwingine, na hamtaki mwingine. Bi Mwanaisha akapiga kigelegele kifupi, maana alikuwa na ndoo kichwani.

Nikaapa kimoyomoyo: hila basi. Kabisa. Mimi sasa ni mtu wa mikorosho.

Wakaondoka. Nikabaki na wingu la salfa, safari hii limetulia ndani ya umande, linaelea kati ya mashina polepole kama pazia. Na nyuma yake nikaona. Ardhi tambarare. Upana wa kutosha. Kivuli pembeni kwa watazamaji. Uwanja wangu mwenyewe wa mazoezi! Bwana Chrispin hurudi kwa mama mkwe kila mavuno yanapoanza. Akinikuta nimefanya mazoezi miezi mitatu mfululizo, ataniita mwenyewe.

Kuna mikorosho mitatu tu inayoziba, palepale panapotakiwa duara la katikati. Mizee, ile aliyoipanda babu. Mjomba anakwenda Newala Alhamisi. Godfrey, fundi mbao wa hapa jirani, ana chenso, ule msumeno wa injini.

Mitatu tu, kati ya mingi hivyo. Hata hatagundua.