Ombi la Kukivalisha Kiboti Jaketi Langu

Kwa Mlinzi wa Lango la Bwawa, ambaye pia ni shemeji yangu,

Salamu nyingi. Dada yako hajambo, na anajua nakuandikia. Hajui ninachoandika.

Jumamosi ulinirudisha langoni mbele ya wateja wangu wawili, eti jaketi okozi nimelikalia badala ya kulivaa. Sikatai. Ila kabla hujanifungia bwawa moja kwa moja, nakuomba kwa heshima na taadhima unisikilize. Mimi ni kinyozi. Wiki nzima nasimama juu ya vichwa vya watu, na raha yangu ya kukaa ni kwenye kile kiboti cha kujaza upepo tu. Ukininyima hicho, umeninyima kiti changu duniani.

1. Dukani jaketi nililijaribu nikiwa wima mbele ya kioo, likanikaa utadhani bwana harusi. Lakini shemeji, mimi sivui samaki mbele ya kioo! Nikikaa kiboti kinabonyea, magoti yanapanda, na jaketi nalo linapanda hadi masikioni. Ndiyo maana ukiniita siitiki.

2. Mgongoni lina sponji nene, na kiti cha kiboti kina mgongo wake wa upepo. Vinasukumana, anayeumia ni shingo yangu. Kutwa naangalia tumbo langu, bwawa silioni.

3. Linachubua kwapa. La kulia ndilo limezidi, basi napiga kasia kwa mkono wa kushoto, na kiboti kinazunguka palepale. Watu wa ng'ambo wameshanizoea, wananipungia kila nikipita.

4. Mikanda anaikaza dada yako mwenyewe, goti lake likiwa mgongoni kwangu. Nikilalamika, anasema akiniachia nafasi ya kupumua nitapata nafasi ya kufa. Nampenda, lakini hivyo ndivyo watu wanavyofunga godoro la kuhamia.

5. Hapa ndipo penye kiini. Kiboti ni upepo mtupu, hakizami. Mimi nimo ndani ya kiboti, kwa hiyo sizami. Anayeweza kutoboka ni kiboti, si mimi. Basi jaketi livalishwe kiboti, nami niketi juu yake, jambo ambalo nilikuwa nalifanya tayari kabla hujaniaibisha.

Ukikataa, livae wewe kwa niaba yangu. Si unakaa kutwa kwenye kigoda chako!

Wasalimie wote hapo kwako. Mama mkwe msomee yote, isipokuwa namba nne.

Wako mtiifu nikiwa nchi kavu,
Shemeji yako Kinyozi

Nyongeza: Leo ulipokwenda kula nilipenya na kiboti, nikatafute ushahidi zaidi. Jaketi nilikuwa nalo mwilini, maana dada yako alilikaza na sikuweza kulifungua. Ndoana yangu ikachoma kiboti. Lo! Kilinywea chini yangu nikabaki naelea, sponji limenishika kisogo, na kusema kweli sijawahi kukaa vizuri namna ile. Nikapunga mkono, wale wa ng'ambo nao wakanipungia, mpaka mmoja akashtuka akaja kunivuta.

Nyumbani dada yako hakunigombeza. Alifungua mikanda mmoja mmoja, akanifuta maji kichwani kama mtoto, na hilo limeniuma kuliko kwapa. Futa namba tano. Na tafadhali niazime kigoda chako. Kesho tunakwenda dukani kutafuta jaketi jingine, na safari hii nitalijaribu nikiwa nimekaa.