Vichupa vya Kijani

Tunis. Jumatatu, 18 Machi. Ramadhani ya saba.

Nafasi ya kongamano la Istanbul ni moja. Moja! Ama mimi, ama Emna. Profesa Radhia ametamka leo mbele ya maabara nzima: atakayeonyesha kwamba dawa yake inazuia seli nyeupe za damu kunata, huyo ndiye atakayepanda ndege. Emna akaandika kwenye daftari lake kwa kalamu ya rangi nne. Ananichefua. Mama ameshaninunulia sanduku na ameshawatangazia majirani wote wa Bardo. Nikikosa, nitapita njia gani kurudi nyumbani?

Jumanne, 19 Machi.

Mpango umeiva. Kazi hii inataka damu mbichi iliyotolewa kwenye vichupa vya kifuniko cha kijani. Stoo vimebaki kumi na viwili. Nimevificha vyote chumba cha chai, nyuma ya gilasi. Nani ataingia chumba cha chai mwezi wa funga?

Emna alizunguka mpaka akachoka. Akaniuliza kama nimeviona. Nikamwambia pole dada, funga inakuchosha macho. Akasema haidhuru, akavuka barabara kwenda hospitali, akarudi na vinne. Kafanya jaribio lake papo hapo: dawa imezuia seli sita katika kila kumi. Ana bahati ya mtende huyu!

Jumatano, 20 Machi. Sikukuu ya Uhuru.

Maabara tupu. Siku yangu! Nikaenda kuchukua vichupa vyangu. Mlango umefungwa! Ufunguo ni mmoja tu, na Ami Tijani, mtunza stoo, kaondoka nao kwenda Nabeul kwa wakwe. Nikampigia. Akanijibu kwamba anayetaka chai mchana wa Ramadhani akamwombe Shetani, si yeye. Akakata simu.

Basi nikatumia vya kifuniko cha zambarau, vimejaa tele. Kichupa ni kichupa. Nikajitoa damu mwenyewe. Seli nyeupe ina kulabu ndogo juu ya ngozi yake. Ikiitwa kwenye kidonda, hujishikiza nazo kwenye ukuta wa mshipa. Dawa yangu inaziba kulabu hizo. Kuosha seli mara tatu? Nani ana muda huo! Nikazimwaga kwenye sahani pamoja na dawa, nikasuuza, nikachungulia hadubini. Haikunata hata moja. Hata moja!

Sahani ya kulinganishia, isiyo na dawa, sikuiweka. Magharibi imekaribia, supu ya mama inapoa, na jibu si nimeshaliona? Emna na sita zake, maskini.

Alhamisi, 21 Machi.

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilimpelekea Profesa picha. Akauliza iko wapi sahani isiyo na dawa. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba haikuhitajika. Akaniamuru niitengeneze hapo hapo kwa damu iliyobaki. Nikaitengeneza. Haina dawa hata tone, na hakuna seli iliyonata! Profesa akainua kichupa, akatazama kifuniko.

"Zambarau, Nizar? Dawa iliyomo humu hushika kalsiamu yote, na kulabu hazishiki bila kalsiamu. Umezifunga seli mikono, mwanangu, halafu unajisifu kwamba hazikushika."

Emna akakohoa. Kile hakikuwa kikohozi.

Hata hivyo Profesa ana huruma. Sita katika kumi hazimtoshi, kwa hiyo Jumatatu tunarudia sote wawili. Vifuniko vya kijani, akasema, la sivyo nisifike kabisa.

Ijumaa, 22 Machi.

Ami Tijani karudi, mlango wazi, vichupa vyangu salama. Emna naye hospitali wamemnyima. Kaja mezani kwangu. Anajua ninavyo, kasema tugawane sita kwa sita, yaishe, na hatamwambia mtu. Nimekataa katakata. Leo sita, kesho atataka sanduku.

Jumamosi, 23 Machi.

Emna ananivizia. Kila nigeukapo, yupo. Lakini mimi si wa kurudia kosa. Kosa la Jumatano lilikuwa kumwachia Tijani ufunguo. Nimeuazima kwake, nimevirudisha vichupa vyote kumi na viwili nyuma ya gilasi, nimefunga mlango kwa mkono wangu. Ufunguo mfukoni? Emna angeupekua. Nimeusukuma kwa chini ya mlango, ukateleza mpaka ndani kabisa.

Sasa aingie, tuone. Mama anapiga pasi mashati ya Istanbul.