Kondoo Aliyenyolewa Upande Mmoja

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Bi Konsolata, afisa maendeleo wa kata yetu, mgeni kutoka Bukoba, ametangaza Siku ya Sufu. Jumamosi hii, uwanja wa Dongobesh. Anasema tunatupa mali. Tukinyoa kondoo, manyoya tunayachoma au yanaozea korongoni. Sasa kila mama alete kitu cha sufu iliyokuwa itupwe. Unaitandaza, unamwagia maji ya moto na sabuni, unakanda mpaka inashikana kama zulia. Atakayeshinda atakuwa mwalimu wa vikundi vyote, mpaka Haydom.

Mwalimu! Nyumba yangu ina mmoja tayari. Judica wangu anafundisha shule ya msingi huko Haydom, ana cheti, ana mume mtaratibu, na siku yoyote wiki hii ananipa mjukuu wa kwanza. Tukiwa walimu wawili je? Mimi ni darasa la saba, lakini la saba la zamani.

Nitakanda blanketi la mjukuu. Nimemshauri jirani yangu Filomena asijisumbue. Akanijibu kwamba ameshaanza ndala. Nyeupe! Sufu yangu mimi ina rangi ya matope na imejaa mbegu za majani.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya mnada. Watu wote wamekwenda. Nimebaki mimi na mkasi.

Mzee Gidahosh, Mdatoga aliyehamia kwetu kutoka Hanang, ana kondoo mweupe kama povu la maziwa. Shingoni amefungwa ukanda wa ngozi. Nikajiambia ni alama, asipotee. Nikampa magadi kutoka mfuko wa gauni, akalamba kiganja changu, akatulia kama yuko kanisani. Nikamnyoa ubavu wa kulia. Kazi safi, kinyozi wa mjini haniwezi. Nataka kumgeuza, nikasikia mtu anakohoa nyuma ya ua wa minyaa.

Nilikimbia. Nina miaka hamsini na mbili, na nilikimbia.

Kondoo amebaki nusu. Si kitu. Yataota.

Jumatano, 8 Oktoba

Hayataota kwa wakati.

Filomena amekuja asubuhi na habari. Yule kondoo ametengwa kwa ajili ya kuombea mvua. Ule ukanda ndiyo alama yake, hata fimbo hapigwi. Na kuna mtu amemnyoa upande mmoja! Filomena anasema madhara yake hayamfuati mwizi. Yanakifuata kile mwizi anachokipenda kuliko vyote.

Sufuria ikanidondoka.

Nikampigia Judica. Miguu imevimba, anasema. Kiasi gani? Kawaida. Kawaida ya nani? Nikamwambia asitoke nje, asiiname, asipige chafya. Akaniuliza, mama, kwani una nini? Nikasema ni mtandao.

Ningeyarudisha yale manyoya, lakini kwa gundi gani? Nikaamua kuyakanda yasitambulike. Maji yachemke kabisa! Nimesugua mpaka viwiko vimekufa ganzi. Sufu ikaanza kujikunja. Ikajikunja tena. Blanketi limekuwa sawa na sahani, na ukilivuta linarudi.

Basi ni kofia. Nilikusudia kofia tangu mwanzo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mzee Gidahosh anapita nyumba kwa nyumba na kondoo wake. Haulizi kitu. Anasimama uani, anasalimia, kondoo anatazama, wanaondoka.

Walipofika kwangu nilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Nimewaona kwenye ufa wa mlango. Kulia kondoo yuko wazi kama goti, kushoto ni wingu. Alitazama mlango. Akatazama tena. Nikaziba pua, mahindi yana vumbi.

Mchana kuku wangu mwekundu akafa. Filomena anasema ni kideri tu, ugonjwa wa kuku. Kideri kichague leo?

Nimempigia Judica mara nne. Mara ya tano kapokea mkwe wangu Gerald. Kasema kwa heshima sana kwamba amelala.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika kabla sijalala.

Uwanja umejaa. Nimemweleza Bi Konsolata kwamba sufu yangu niliiokota kwenye ua wa miiba, misimu miwili, kidogo kidogo. Akaipandisha kofia juu, akaisifu, ngumu, haipitishi maji. Ndala za Filomena zilikaa pembeni, moja ya mtu mzima, nyingine kama ya mdogo wake. Nikaanza kupumua. Bi Konsolata akaniita mbele nifundishe watu.

Simu ikalia. Gerald. Judica yuko chumba cha kujifungulia tangu alfajiri, mtoto bado, wameambiwa wasubiri. Mtandao ukakata.

Ndipo Mzee Gidahosh akaingia uwanjani na kondoo.

Kondoo akaivuta kamba. Akapita meza ya viongozi. Akampita Filomena, aliyekuwa ameshika majani mabichi kabisa ya kumwita. Akaja moja kwa moja kwangu na kutia mdomo kwenye mfuko wa gauni langu. Magadi! Gauni lilelile! Nilisahau kuyatoa.

Nikaona Haydom. Nikaona mlango wa kile chumba. Nikapiga magoti.

"Ni mimi, mzee. Nimemnyoa mimi. Mwacheni mwanangu."

Mzee akaiweka fimbo chini.

"Mama Judica, najua tangu Jumanne. Aliyekohoa ni mimi."

Akasema amezunguka nyumba zote ili aibu isiwe yangu peke yangu, na nikipenda niseme mwenyewe. Na mimi siku ile nikaenda kujificha na mahindi. Nikamwuliza, na mwanangu je? Akasema hayo ya kudhuru watoto ni maneno ya Filomena, kwao hayapo. Kisha akashika ubavu ule ulio wazi.

"Huyu analala na baridi upande mmoja. Nilikuwa nangoja umalizie."

Hapo ndipo watu walipocheka. Nikapewa mkasi. Nikamalizia mbele ya kata nzima, machozi yakiingia kwenye sufu. Mzee akachovya majani mabichi kwenye maziwa ya kibuyu chake, akaninyunyizia kunitakasa. Bi Konsolata akaiondoa kofia yangu mezani bila kunitazama. Mwalimu wa vikundi ni Filomena. Na zile ndala.

Saa tisa Gerald akapiga. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Mama mzima.

Nilikuwa bado nimemkumbatia kondoo. Nikamlilia hapohapo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Haydom. Nimemwona! Paji la uso ni langu, vidole ni vyangu, ukaidi sijui wa nani.

Mzee Gidahosh alinirudishia kofia, akasema kilichokandwa hakirudi kuwa manyoya. Nimemvisha mtoto. Imekaa sawasawa, kama ilivyopimwa! Nimewaeleza wauguzi kwamba hesabu za sufu zinataka mtu aliyesoma.

Judica akaniuliza sufu imetoka wapi. Nikasema ni zawadi ya mzee, na si uongo tena. Akanitazama kwa yale macho ya mwalimu. Filomena alikwishampigia. Judica amenishika mkono, kaniapisha nisiguse tena mnyama aliyetengwa kwa maombi. Nimeapa kwa moyo wote. Hofu ya wiki hii sitaki kuionja tena. Nimekuwa mtu mwingine.

Kitu kimoja tu. Miguu ya mjukuu ni ya baridi, na Filomena hawezi kulinganisha hata ndala mbili, vikundi vitaharibika. Sasa Mchungaji Joakimu ana kondoo dume mweusi, sufu nene, na mwenyewe yuko semina Babati mpaka Alhamisi. Huyo hajatengwa kwa lolote. Shingoni hana ukanda. Nilipita nikaangalia.

Nimenunua magadi. Kosa nimeshaliona lilikuwa wapi. Safari hii nitanyoa pande zote mbili.